Mto Usikuvutie Chambo

Mjukuu wangu, haya niliyasema kwa baba yako, nikayasema kwa kaka zako kabla hawajahamia Kisangani, na leo nayasema kwako. Sauti imepungua, na subira nayo si ile ya zamani, lakini nitayasema. Uzi mnene ulioufungia ndoana ndio unaokunyima samaki. Usiulaumu mto. Usiulaumu mwezi. Usiseme watu wa ng'ambo, upande wa Yangambi, wamefanya dawa ili samaki wasije kwetu Yanonge. Samaki wapo. Wanakuja, wanakitazama chambo chako, wanaondoka.

Nenda bandarini alfajiri, kabla watu hawajaanza kupakia makaa na mihogo ya Kisangani, uutazame mto bila kushika kitu mkononi. Magugu yale tunayoyaita Kongo ya sika, yaliyoingia mto huu miaka ya 1950 na hayajatoka hadi leo, yatakusomesha. Gugu lililo mbali, katikati, linapita mbio. Lililo karibu na ukingo linajikokota. Lililoingia nyuma ya mti ulioanguka linazunguka papo hapo, na mara nyingine linapanda kurudi lilikotoka. Mto ni mmoja, lakini una mikondo mingi iendayo ubavu kwa ubavu, kila mmoja na mwendo wake. Chini ya uso wa maji kuna mwendo mwingine tena, wa pole zaidi, kwa sababu sakafu ya mto inayazuia maji.

Sasa mfikirie kumbikumbi aliyeanguka majini baada ya mvua. Hana nguvu yoyote. Anakwenda yanakokwenda maji yaliyombeba, kwa mwendo ule ule. Kiwavi aliyedondoka kutoka mtini ni hivyo hivyo, na tunda la porini ni hivyo hivyo. Samaki kama malangwa, tangu akiwa mdogo kuliko kidole chako, ameona chakula kikimjia kwa namna hiyo tu. Kisha unakuja wewe. Chambo chako kimefungwa kwenye mshipi, na mshipi umelala juu ya mikondo mitatu. Mkondo wa kati unaukamata, unaufanya utoe tumbo, na tumbo hilo linakivuta chambo kukatisha maji. Kinapita kikichora mstari nyuma yake. Ni kumbikumbi gani aendaye hivyo? Malangwa anakifuata kidogo, anageuka. Wewe unaona maji yakitikisika, unasema alikuwa karibu kula. Hakuwa karibu. Alikuwa amekwisha kukukataa.

Vijana mnaponunua uzi mwembamba mnadhani mmenunua uzi usioonekana, na ukishindwa siku ya kwanza mnaurudia ule mnene mkisema wembamba hausaidii. Ndiyo maana nachoka. Kuonekana kwa uzi kuna maana kwenye vijito vya msituni, ambako maji ni meusi lakini hayana udongo, na samaki huona. Kwenye mto mkubwa, hasa kuelekea mwisho wa mwaka maji yakipanda na kubeba tope, samaki haoni mbali. Anahisi. Ubavuni mwake ana mstari unaompa habari ya kila mtikisiko wa maji. Kwa hiyo uzi mwembamba kazi yake kubwa ni kuupunguzia mto mahali pa kushika, ili chambo kipate kwenda na maji yake.

Nilifundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo nivumilie. Uzi wa milimita 0.40 una upana mara mbili ya uzi wa milimita 0.20. Maji yale yale yanauvuta kwa nguvu mara mbili. Uwezo wake wa kubeba uzito ni mara nne, na hapo ndipo mnapotekwa: mnaona mmepata mara nne, hamwoni mlichotoa. Halafu mwendo wa maji una hesabu yake. Maji yakienda kasi mara mbili, mvuto wake kwenye uzi unakuwa mara nne. Hii ndiyo sababu uzi uliokuwa mzuri kwako pale kwenye magugu ya ukingoni unakuaibisha ukipiga kasia kidogo kuelekea katikati. Hukubadilisha kitu, mto ndio uliobadilika chini yako.

Unene una kosa lingine. Uzi mnene ni mgumu. Ukiufungia ndoana ndogo, ndoana haichezi, inasimama kama kijiti kilichochomekwa, na chambo kinafuata uzi badala ya kufuata maji. Anza basi na samaki unayemtaka, kutoka kwake uende kwenye chambo anachokula, kutoka kwenye chambo uende kwenye ndoana itakayokibeba, na uzi uwe wa mwisho kuuchagua. Nyinyi mnaanza na uzi kwa sababu ndio uliopo nyumbani. Kwa malangwa na wenzake walao wadudu juu ya maji, ndoana ndogo na uzi wa milimita 0.18 au 0.20 vinatosha. Kwa ngolo, anayekula usiku kilicholala kwenye matope, sitakusumbua: chambo chake kimetulia chini kwa chubwi, hakina safari, na uzi mnene haumfukuzi. Wale wanaotandika mishipi mirefu yenye ndoana nyingi na vipande vya sabuni hawana shida hii ninayokuambia. Shida hii ni ya mtu anayetaka chambo kisafiri.

Usiufanye mshipi mzima kuwa mwembamba. Mshipi wa mkononi uwe mnene kiasi cha kutokukata vidole, na mwishoni uunganishe pima moja au moja na nusu ya uzi mwembamba. Kadiri kipande hicho kinavyokuwa kirefu, ndivyo chambo kinavyopata nafasi ya kwenda peke yake kabla tumbo la mshipi halijakifikia. Kikiwa kifupi mno, ni kana kwamba hukukiweka. Tena, ukinasa kwenye gogo, kitakachokatika ni kipande hicho cha mwisho. Utapoteza ndoana moja na mshipi utarudi nao nyumbani. Mshipi wote ukiwa wa nguvu moja, utakatika popote upendapo wenyewe, na wewe utalipia wote.

Maandishi yaliyo kwenye kigurudumu cha uzi sokoni usiyaamini mpaka uyapime. Upimaji wake ni rahisi. Chukua bidoo la lita 5, ulifunge kwenye uzi kwa fundo lile lile unalofungia ndoana, ulitundike kwenye tawi na ulijaze maji taratibu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Uzi ulioandikwa kilo 5 ukikatika bidoo likiwa na lita 3, umejua ulichonunua. Uloweshe kwanza, maana nailoni hunywa maji na ikinywa hupungua nguvu. Na angalia umekatikia wapi: karibu kila mara ni kwenye fundo. Fundo lililokazwa kavu linajichoma lenyewe kwa msuguano, na hulioni kwa macho. Tia mate kabla ya kukaza, vuta pole, kisha ukazie mwisho. Nimewaona watu wakimlilia samaki waliyempoteza wakati mkia wa uzi uliojisokota uko mikononi mwao ukiwaeleza wazi kwamba fundo liliachia.

Jua nalo ni adui. Uzi unaoachwa juu ya paa au mtumbwini miezi na miezi unachoka kwa ndani. Kila unapotoka, pitisha ile pima ya mwisho kati ya midomo yako. Ukihisi mkwaruzo, kata. Msiuonee huruma uzi wa urefu wa mkono. Mnaonea huruma senti, mnamwachia samaki kapiteni.

Watu wengine duniani wameumizwa kichwa na jambo hili hili kabla yetu, na kujifunza kwao si aibu. Wako wavuvi wanaofunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, kisha wanairusha kwa ufito juu ya maji ya kasi. Hawana chambo chenye harufu wala ladha. Kila kitu kwao kinategemea yule mdudu wa uongo apite majini kama mdudu wa kweli. Mwaka 1905 trauti waliletwa kutoka Scotland wakatiwa kwenye mito ya milima ya Aberdare nchini Kenya, na hadi leo wapo watu wanaowavua huko kwa namna hiyo, kwenye maji baridi na safi kabisa. Zamani uzi wao wa mwisho ulitoka ndani ya mwili wa kiwavi wa hariri. Waliukondesha kwa kuupitisha kwenye tundu dogo, kisha dogo zaidi, na hesabu ya kupitishwa ndiyo iliyozaa namba wanazotumia hata sasa, zinazoandikwa na herufi X. Namba ikipanda, uzi unakonda: 0X ni kama milimita 0.28, na 5X ni kama milimita 0.15. Uzi ule wa kiwavi ulipaswa kulowekwa kabla ya kufungwa, la sivyo ulivunjika. Nailoni ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1930 iliwapunguzia kazi, nasi pia, ingawa sisi tuliipata baadaye.

Siku hizi kuna uzi mwingine, fluorokaboni, ambao ni mzito kuliko nailoni na huzama upesi. Ukiletewa na ndugu wa Kinshasa, utumie pale unapotaka chambo kishuke. Kwa chambo cha juu ya maji baki na nailoni. Ghali si sawa na kufaa.

Katika wavuvi hao wa mbali yupo mmoja ambaye ningependa mwalimu wako angekusimulia. Arthur Wood alivua samoni mahali paitwapo Cairnton, kwenye mto Dee wa Scotland, mwanzoni mwa karne ya 20. Mshipi wake ulikuwa wa hariri. Aliupaka mafuta ili uelee. Kwa kuwa ulielea, aliweza kuuinua kutoka juu ya maji na kulirusha tumbo lake upande wa juu wa mto, bila kumgusa yule mdudu wa uongo aliyekuwa ng'ambo. Mto ukaanza upya kulisukuma lile tumbo, na kwa muda wote huo mdudu alisafiri huru. Tumbo likifika chini tena, analiinua tena. Hilo ndilo tu. Kazi ya mikono miwili na macho, ambayo mtoto wa Yanonge aliyekulia mtumbwini anaweza kuijua kwa siku chache akitaka kusikiliza.

Ukivua kwa ufito, jaribu hivi. Mshipi ukishagusa maji, usingoje mpaka uone chambo kikikimbia. Ukingoja umechelewa, samaki amekwisha kuona. Inua ncha ya ufito mara tu unapoona tumbo linaanza, peleka mkono upande wa juu wa mto kwa mviringo mdogo, laza mshipi polepole. Kama maji yaliyo kati yako na chambo ni ya pole kuliko yale yaliyobeba chambo, geuza: laza tumbo upande wa chini, kwa kuwa hapo mshipi ndio unaochelewa na kukizuia chambo. Wengi huijua nusu ya kwanza, hii ya pili hawaifikirii. Na ukiweza kuinua ufito ili mshipi usiguse kabisa ule mkondo wa kati, fanya hivyo. Mshipi ulio hewani hauvutwi na maji.

Sisi lakini tuna kitu ambacho yule wa Scotland aliyesimama ukingoni hakuwa nacho. Tuna mtumbwi. Walokele waliotutangulia hawakusoma vitabu vya mtu, lakini walijua kwamba mtumbwi ulioachiwa uende na mkondo ule ule uliobeba chambo unaondoa nusu ya taabu. Mtumbwi, mshipi na chambo vinashuka pamoja, hakuna anayemvuta mwenzake. Nyinyi mnafunga mtumbwi kwenye mti, mnatupa chambo kwenye maji ya kasi, mnashangaa. Fungua kamba. Kaa nyuma, kasia moja mkononi, uushikilie mtumbwi usipinduke ubavu. Angalia upepo tu, ule unaotangulia mvua: unausukuma mtumbwi lakini hausukumi chambo, na hapo mvuto unarudi kwa mlango mwingine. Upepo ukizidi, rudi nyumbani. Samaki wa siku ya tufani ana gharama ambayo ukoo huu umekwisha kuilipa.

Ukitumia boya, kumbuka nilichosema juu ya maji ya chini. Boya linaelea kwenye maji ya juu yaendayo haraka, chambo kiko chini kwenye maji ya pole. Boya likiachiwa litakikokota chambo kikiwa kimeinama nyuma. Lizuie kidogo kwa mshipi, kidogo tu, liende pole kuliko povu lililo pembeni yake, mpaka chambo kitangulie. Samaki atakutana na chambo kabla ya kukutana na uzi. Hili nalirudia kwa sababu ndilo linalowapa wavuvi wazee samaki mahali ambapo vijana wamekaa asubuhi nzima.

Mbenga ni habari nyingine. Kwa mbenga yale yote ya wembamba weka kando, maana meno yake hukata nailoni ya unene wowote utakaoupata Kisangani. Ni samaki mkubwa. Mwaka 1988 alivuliwa mmoja wa kilo 44 kwenye mto huu wetu, na ndiye aliyeandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa uvuvi wa ndoana. Kwake tafuta waya. Kebo ya breki iliyokwisha ya baiskeli ya toleka, ile ibebayo abiria, ina nyuzi nyembamba za chuma ndani. Zifumue, chukua moja au mbili, urefu wa mkono mmoja, uziweke kati ya ndoana na mshipi. Usitumie kebo nzima. Kebo nzima ni nzito, ni ngumu, na samaki mdogo unayemtumia kama chambo atakufa amesimama. Hata palipo na meno, chambo lazima kiweze kuogelea. Na ukimtoa mbenga majini usiweke vidole karibu na kinywa chake, hata akiwa ametulia. Huko Kisangani wapo wanaume wasio na ncha za vidole watakaokueleza.

Sasa samaki ameshika. Hapa mto unapata mara ya pili nafasi ya kukunyang'anya, na hapa ndipo uzi mwembamba unapolaumiwa bure. Mnavuta kwa nguvu zote mara moja. Uzi wa kilo 4 hauvutwi kwa kilo 4. Vuta kwa robo yake, ukizidi sana theluthi, na nguvu iliyobaki iwe akiba ya pale samaki anapojirusha ghafla. Mshipi upite kati ya kidole gumba na kidole cha pili, juu ya kitambaa kilicholowa, na vidole viwe tayari kuachia. Akikimbia mwachie, akisimama mrudishe. Akikimbia kukatisha mto na mshipi mwingi ukiwa nje, maji yanaulalia mshipi wote na kuufanya upinde mkubwa. Unaweza kuwa umeachia mkono kabisa, na bado uzi wa mwisho ukavutwa mpaka ukatike, kwa sababu mto umeshika mahali pako. Dawa yake ni kumfuata. Piga kasia, upunguze mshipi ulio majini, uende chini yake, upande wa chini wa mkondo, ili apigane nawe na mto kwa pamoja. Ukibaki juu yake unambeba yeye na mto wote.

Nasikia unavyopumua. Unadhani haya ni mengi kwa samaki wa mboga. Basi nikuambie kwa nini siyaachi. Kaka zako walipoona ndoana inawanyima, hawakubadilisha uzi wala mwendo wa mkono. Walikwenda kuchukua chandarua cha mbu, kile kilichotolewa ili mtoto asipate malaria, wakakiburuta kwenye magugu ya ukingoni. Kilitoa ndoo ya samaki wadogo kuliko unyoya wa kuku, watoto wa mboto, watoto wa kapiteni, wote kwa mkupuo mmoja, wakaliwa na chumvi. Wengine wakaponda majani ya sumu wakayamwaga kwenye kijito, na kijito hicho hakijarudi kuwa kile nilichokijua. Mtu anayejua kukiachia chambo kiende na maji hana haja ya mambo hayo. Anapata samaki mkubwa mmoja au wawili, wadogo wanabaki kukua, na nyumba inakula. Mtu asiyejua, ama atakaa na njaa, ama atavua vile visivyovuliwa. Sijaona njia ya tatu hapa Yanonge.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kwenda, niletee mshipi wako na ule uzi mwembamba ulioutupa chini ya kitanda. Tutaupima kwa bidoo pamoja. Utafunga fundo mbele yangu, kwa mate, na nitalivuta mimi. Kisha utashuka mtoni na mdogo wako ashike kasia, mfungue kamba pale kwenye mti wa bandarini, mshuke na mkondo mpaka usawa wa mashamba ya mpunga, bila kutupa ndoana, ukitazama tu magugu yaendavyo. Ukirudi unieleze ni mikondo mingapi umeiona na ni upi ulio mwepesi. Baada ya hapo utatupa. Na kile chandarua kilichobaki uani mrudishie mama yako leo hii, akifue, akitundike juu ya mtoto.